Bosi wako anaogopa nini? Uzi wa kuishi na bosi mgumu kazini

Mhasibu wa Kariakoo (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mtu akilalamika kuhusu bosi wake, ushauri anaopewa huwa ni wa aina mbili tu. Wapo watakaomwambia avumilie kwa sababu kazi hazipatikani, na wapo watakaomwambia aache, riziki anatoa Mungu. Mimi naona katikati ya hapo kuna kazi kubwa ambayo watu hawaifanyi, nayo ni kumsoma huyo bosi. Simaanishi kumsengenya kwenye chai ya saa nne. Namaanisha kukaa chini na kujiuliza: huyu mtu anaogopa nini?

Nitoe mfano wa ninapofanya kazi. Ni kampuni ya vipuri vya magari, jumla na rejareja. Tajiri wetu ni mtu wa kelele, anaweza kukufokea mbele ya wateja na vibarua wa stoo. Wenzangu wanasema ndivyo alivyozaliwa. Lakini ukifuatilia tarehe, unaona kelele zake zina ratiba. Zinapanda mwanzoni mwa mwezi, zinatulia baada ya tarehe 7, zinapanda tena kuanzia tarehe 15 hivi, zinatulia baada ya tarehe 20. Mhasibu yeyote humu ameshaelewa. Tarehe 7 ndiyo mwisho wa kulipa PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ya mwezi uliopita, tarehe 20 ni ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Huyu mtu anaogopa faini na riba za TRA, mamlaka ya mapato. Anaogopa kugundua siku ya mwisho kwamba benki hakuna hela. Halafu hajui kuisema hofu yake, kwa hiyo inatoka kama matusi.

Dawa yake ilikuwa kumpa habari kabla hajauliza. Mwezi ukianza tu, napeleka ujumbe mfupi: "Bosi, hesabu ya PAYE iko tayari, kiasi ni hiki. Namba ya malipo nitaitoa kesho asubuhi. Kwenye akaunti kuna kiasi hiki, pungufu ni hiki, na mteja fulani ameahidi kulipa Alhamisi." Mistari minne. Hajawa malaika, bado anafoka kwa mambo mengine, lakini kwenye kodi hanifokei tena, kwa sababu kile alichokuwa anakiogopa kimeshakuwa mezani kwake.

Hofu za mabosi si za aina moja. Meneja wa kuajiriwa haogopi TRA, anaogopa mkurugenzi. Ukimkuta anakudai ripoti kila baada ya saa moja, mara nyingi kuna mtu juu yake anayemdai yeye kila baada ya nusu saa. Huyo mtengenezee kitu anachoweza kukipeleka juu kama kilivyo, bila kukihariri. Bosi aliyepandishwa cheo kutoka miongoni mwenu anaogopa kudharauliwa, na hapa ndipo wengi wanapoungua: jana mlikuwa mnaitana majina ya utani, leo unamwita vilevile mbele ya wageni. Mpe heshima ya cheo hadharani, utani mrudishie mkiwa wawili. Halafu kuna bosi mkongwe ambaye kampuni imeleta mfumo mpya wa kompyuta na vijana wenye digrii. Huyo anaogopa kuonekana amepitwa, ndiyo maana anakukatalia kila wazo. Mwelekeze mlango ukiwa umefungwa. Kwenye kikao mwachie aseme yeye, "tumeamua kufanya hivi." Najua linauma, hasa kama wazo ni lako. Lakini kama lengo ni kazi iende, linaenda.

Sasa nisieleweke vibaya. Hofu inaeleza kwa nini mtu anafoka. Haimpi haki ya kukata mshahara wako kienyeji, kukutukania wazazi, kukushika mwili au kukufanyisha kazi siku saba kwa wiki. Hayo hayahitaji kusomwa saikolojia, yanahitaji sheria, na sheria ipo: kwetu Tanzania ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Inafaa kuijua hata kama hutaitumia. Mtu anayejua haki yake hajibu kwa woga, na mtu asiyejibu kwa woga hachokozwi ovyo.

La mwisho kwa upande wangu ni maandishi. Bosi mgumu hupenda kuagiza kwa mdomo na kukana kwa mdomo. Akikuagiza jambo lenye hatari, mathalani "mpe mteja mzigo, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) atachukua kesho", usibishane naye dukani. Rudi mezani kwako, mwandikie kwa adabu: "Bosi, kama ulivyoelekeza saa tano, nimeelewa tutoe mzigo kabla ya risiti. Kwa sheria risiti inatakiwa itoke wakati wa mauzo, naomba unithibitishie." Mara nyingi atabadilisha agizo mwenyewe. Na asipobadilisha, usiutoe huo mzigo kwa jina lako.

Karibuni tujadiliane.

---

Ticha wa Moro

Mkuu, heshima yako, lakini nakupinga. Kwa nini mimi ndiye nibebe hofu ya mwenye shule? Nafundisha shule binafsi. Mmiliki wetu dirisha likivunjika bwenini, anamkata mwalimu wa zamu. Mwanafunzi akihama na ada ya watu, anamkata mwalimu wa darasa kwamba hakufuatilia. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja amechukua nyumbani chini ya nusu ya mshahara na ana watoto wanaosoma. Huyo nimsome hofu yake ili iweje? Ushauri kama huu unawafanya wafanyakazi waone kosa ni lao, kwamba hawajamwelewa bosi vizuri.

---

Mhasibu wa Kariakoo

Mwalimu, hapo uko sahihi kabisa. Hilo liko upande wa pili wa nilichoandika. Huyo hahitaji kueleweka, anahitaji kuzuiwa.

Kifungu cha 28 cha sheria niliyoitaja kinahusu makato. Kukata kwa ajili ya hasara, mfanyakazi lazima awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake yeye, si kosa la mwanafunzi. Mwajiri ampe maandishi yanayoonyesha chanzo, kiasi na jinsi alivyokokotoa, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yote ya aina hiyo yasizidi robo ya mshahara wake. Dirisha la bweni kwa mwalimu aliyekuwa zamu tu halipiti hata mlango wa kwanza.

Lakini msiende mmoja mmoja. Mwalimu mmoja akisimama ofisini, anaitwa mchochezi. Andikeni barua moja, ya heshima, bila kumshutumu: mnaomba nakala ya utaratibu wa makato na mchanganuo wa kila mtu. Tunzeni hati za mshahara za miezi yote. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi hapo jirani, mshirikisheni katibu kabla ya barua, si baada. Akikataa, mlango unaofuata ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 za kufunguliwa, kwa hiyo msikae mkihesabu miaka.

---

Msimamizi wa Zamu

Naomba niseme kwa niaba ya tunaosemwa. Mimi ni msimamizi wa zamu kiwandani, watu zaidi ya hamsini wako chini yangu, na najua kabisa wananiona mkali.

Kitu kimoja ambacho wafanyakazi wengi hawakijui: habari mbaya ikichelewa, inakuwa mbaya mara mbili. Mashine imesimama saa nane usiku. Fundi anaogopa kunipigia simu kwa sababu eti nitafoka. Anahangaika nayo mpaka alfajiri, haijapona. Saa mbili asubuhi mkurugenzi ananiuliza kwa nini mzigo wa mteja haujatoka, nami ndiyo kwanza nasikia. Unadhani nitafanya nini nikimwona yule fundi? Angenipigia saa nane usiku ningefoka dakika mbili, kisha ningemwamsha fundi wa umeme, ningehamisha watu wa mstari ule kwenda kufungasha, na asubuhi ningekuwa na jibu.

Na mkija na tatizo, njooni na mlichokwisha kujaribu. Sihitaji mtu awe amelimaliza. "Bosi, mota imeungua, nimekagua stoo hakuna nyingine, kuna fundi wa kuisuka mtaa wa pili anasema jioni itakuwa tayari." Hapo hata kama nina hasira sina pa kuiweka, nabaki kusema haya, mwite huyo fundi.

Mleta uzi amegusa suala la hadharani. Mimi nakosolewa na nakubali, ila si mbele ya vibarua. Ukinisahihisha mbele ya vibarua wa siku moja, kesho hakuna atakayenisikiliza nikisema vaa glavu, na hapo mtu anaweza kupoteza kidole. Nifuate ofisini, hata kama una hasira, sema yote.

---

Dada wa Mapokezi

Kaka msimamizi, asante kwa ukweli wako. Mabosi wangekuwa kama wewe tungefanya kazi vizuri.

Mimi nina jambo ambalo naliandika kwa uchungu. Niko hotelini, mapokezi. Meneja anapanga ratiba za zamu, na ukimkatalia "mambo yake" unapangiwa usiku wiki baada ya wiki wakati wenzako wanabadilishana. Hasemi wazi. Anakutumia ujumbe saa sita usiku, "umelala?" Asubuhi anakuambia mkataba wako unakaribia kuisha na yeye ndiye anayependekeza majina. Wasichana wawili wameondoka kimya kimya. Mimi nasomesha wadogo zangu, siwezi kuondoka hivi hivi. Nifanyeje?

---

Mhasibu wa Kariakoo

Dada yangu, pole sana. Kwanza jua kwamba hukufanya kosa lolote, na jambo hilo halipo tena kwenye mada ya bosi mgumu. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtu mwenye madaraka akitumia cheo chake kudai ngono kama sharti la ajira, cheo au stahili yoyote, anaingia humo.

Usifute ujumbe wowote, hata huo wa neno moja. Piga picha za skrini zenye tarehe na saa, zitume kwenye simu ya ndugu unayemwamini, kwa sababu simu huibiwa na huharibika. Piga picha na ratiba za zamu kila zinapobandikwa. Ratiba ya miezi kadhaa inayoonyesha wewe peke yako ndiye wa usiku inazungumza yenyewe. Daftari dogo la tarehe, alichosema na nani alikuwepo. Ujumbe wake ujibu kikazi tu: "Habari za usiku meneja, kama kuna suala la zamu naomba tulizungumze kesho ofisini."

TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kama amekushika au amekutishia, nenda huko. Kama hoteli ina afisa rasilimali watu ambaye si rafiki wa huyo meneja, mwandikie pia, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na wale wasichana wawili walioondoka, watafute. Mkiwa watatu mnaosema jambo lilelile, ni vigumu kuambiwa umetunga.

---

Mama wa Kongowea

Hamjambo wa bara na wa visiwani. Mimi niko Mombasa, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Dada wa mapokezi, mwanangu, usinyamaze. Nimekaa kazini miaka mingi na nimeona wanaonyamaza ndio wanaozidishiwa.

Kwetu huku Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi ya kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Wengi hawana habari kwamba wana haki ya kuiomba waisome.

Nikirudi kwenye mada, mabosi wa huku wana tabia ya kumfukuza mtu kwa mdomo, Ijumaa jioni, "Jumatatu usije." Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinataka kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa la utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi awe na mwenzake au mwakilishi wa chama pale pale akisikiliza. Kwa hivyo ukiambiwa usije Jumatatu, wewe Jumatatu nenda. Fika saa zako za kawaida, ukizuiwa getini mwombe mlinzi aandike kwenye kitabu chake, kisha tuma ujumbe kwa bosi kwamba ulifika na ukazuiwa. Watu hukaa nyumbani kwa hasira, halafu baada ya wiki wanaandikiwa kwamba wametoroka kazi. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na aliyepona ni yule aliyekwenda getini.

---

Mtumishi wa Halmashauri

Shikamoo mama. Naomba kuchangia upande wa serikalini, maana huku ugumu ni wa aina nyingine. Mkuu wa idara hawezi kukufukuza kirahisi, ila anaweza kukuua taratibu: hakupangii kazi, hakuiti kwenye vikao, posho za safari zinakupita, halafu mwisho wa siku utendaji wako unaonekana hafifu.

Tangu PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, ichukue nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, kazi zinaingizwa kwenye mfumo na msimamizi anazithibitisha humo. Wengi wanalalamika kwamba mkubwa hathibitishi. Ninachofanya mimi ni kuingiza kazi zangu kwa wakati, kisha naandika dokezo kwenye jalada nikimkumbusha kwamba kazi namba fulani inasubiri uthibitisho wake. Dokezo la serikali lina nguvu kuliko maneno elfu ya korido, kwa sababu lina folio (namba yake ndani ya jalada) na mkaguzi anaweza kulikuta. Kama sijapangiwa kazi, naandika dokezo la kuomba kazi. Baada ya madokezo mawili matatu, mkuu wangu aliona kwamba jalada linasimulia habari zake, akaanza kunipangia.

Jambo jingine la watumishi wa umma: mkipata adhabu ya kinidhamu msikimbilie CMA moja kwa moja. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi anatakiwa kwanza amalize ngazi za rufaa zilizo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma.

---

Ticha wa Moro

Nimerudi. Tumekaa walimu tisa jana, barua tunaiandaa. Mhasibu, nimekuelewa, na ninaondoa lile la kusema unawabebesha wafanyakazi makosa. Ila bado nasema watu wasome uzi wako mpaka mwisho, wasiishie pale kwenye hofu ya bosi.

---

Kijana wa Mwenge

Wakubwa shikamooni. Nina miezi mitatu kwenye kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Bosi wangu hanitukani, ila kila nikileta kazi anaitupa pembeni na kusema "rudia", hasemi kosa liko wapi. Narudia mpaka usiku. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye droo. Niiwasilishe?

---

Msimamizi wa Zamu

Marahaba kijana. Iache hiyo barua kwenye droo. "Rudia" ya bosi mara nyingi maana yake hata yeye hajui anataka nini hasa, anajua tu kwamba hiki sicho. Usirudie nzima. Mpelekee ukurasa mmoja, mwambie, "Bosi, kabla sijaendelea naomba unione hapa kama ndiyo njia." Au mwombe mfano wa kazi ya zamani aliyoipenda, ufuate umbo lake. Kuna katibu muhtasi au mtu mzima hapo ofisini anayejua anachokipenda huyo mzee? Mfuate, msalimie vizuri, muulize. Watu hao ndio wanaojua ofisi.

---

Mhasibu wa Kariakoo

Kijana, naunga mkono alichosema kaka. Niongeze upande wa karatasi, kwa sababu uko kwenye hatua ambayo watu wengi hawajui ilivyo dhaifu. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo miezi hii mitatu iliyobaki si ya kupambana, ni ya kujifunza na kuweka kumbukumbu. Kama bado hujapewa maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yaombe kwa upole, ni haki yako tangu unapoanza kazi. Ukishayapata utajua "rudia" ipi ni kazi yako na ipi umesukumiwa ya mtu mwingine.

Ikifika mahali umeamua kuondoka, ondoka kwa taratibu: barua ya notisi, kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, makabidhiano yenye sahihi za pande mbili, na udai cheti cha utumishi. Usiandike kwenye barua kwamba unashukuru kwa yote na unaondoka kwa hiari yako kama si kweli. Sheria inamtambua mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike kuwa kama ameachishwa. Lakini ukishaandika kwa mkono wako kwamba umeondoka kwa furaha, hutaweza kuligeuza neno hilo mbele ya msuluhishi.

Na hili ni kwa wote mliopita muda huo wa miezi sita. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA ndani ya siku 30 kwa fomu namba 1, na zinahesabiwa tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Usizipoteze kwa kusubiri akupigie simu kukuomba urudi.